Je, picha za kamera ya dukani zinaweza kunaswa kupitia ukuta bila intaneti?

Mwenye Fremu, Mwanjelwa – Mbeya

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara hapa Mwanjelwa, na huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi ya uwakala wa kuweka na kutoa fedha kwa simu. Naomba msaada katika jambo lililoninyima usingizi tangu wiki iliyopita, na naomba wajibu wanaolijua, kwa sababu nikishauriwa vibaya nitapoteza ama fedha ama wateja.

Miezi michache iliyopita hesabu za droo zilianza kupishana na daftari, leo elfu kumi, kesho kutwa elfu thelathini, na kwa kuwa sikutaka kumtuhumu kijana wangu wa kaunta bila ushahidi, nilinunua kamera ndogo, ile inayogeuza kichwa na kuonekana kwenye simu, nikamwita fundi akaifunga juu kidogo ya kaunta. Kutoka pale inaona droo, inaona daftari ambalo tunaandika majina na namba za wateja, na ikitazamwa vizuri inaona hata vidole vya mteja anapoandika namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Hilo la vidole sikulikusudia, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta na amekuja likizo, akaiangalia akaniambia kwamba kamera za namna hii hutoa mawimbi, na kwamba mtu aliye upande wa pili wa ukuta, akiwa na antena na kompyuta, anaweza kuona kile ambacho kamera inakiona bila kuingia kwenye intaneti yangu na bila kujua neno la siri. Nilimwambia aache hadithi. Akachukua redio yangu ndogo ya betri, akaisogeza karibu na kamera, na redio ikaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Akaiondoa, ikanyamaza. Akairudisha, ikavuma. Kusema kweli, nilishtuka.

Niongeze kwamba fremu yangu na ya jirani zimetenganishwa na plaiwudi tu, na jirani yangu ni fundi simu mwenye kompyuta mbili na nyaya za kila aina. Ni mtu mwema, tumekaa naye miaka minne bila ugomvi, na sina sababu ya kumshuku. Lakini fremu za hapa hubadilisha wapangaji kila baada ya muda, na sijui atakayekuja kesho ni nani. Je, jambo hili ni la kweli? Na kama ni la kweli, niiondoe kamera?

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Dada yangu, pole kwa usumbufu, na mpe pole pia huyo mpwa wako kwa kuambiwa anasimulia hadithi, kwa sababu kiini cha alichokisema ni kweli. Jaribio lake la redio ndilo lenye kasoro, nami nitalirudia hapo chini.

Ndani ya kamera yoyote ya kidijitali kuna kihisi, yaani kile kipande kidogo nyuma ya lenzi kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kihisi hakihifadhi picha. Kazi yake ni kuisoma mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na kuipeleka kwenye ubongo wa kamera kwa njia ya nyaya nyembamba sana, mara nyingi zikiwa zimepangwa kwenye utepe bapa ambao mafundi simu huuita flekisi. Picha moja ikimalizika inaanza nyingine, kwa kawaida picha 25 au 30 kwa kila sekunde, saa zote ambazo kamera imewashwa. Kila biti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa, inayopita kwenye utepe huo ni umeme unaowaka na kuzima kwa kasi ya mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde, na umeme unaobadilika kwa kasi hiyo ndani ya waya lazima utoe mawimbi ya sumakuumeme. Hiyo ndiyo kanuni inayofanya antena ya redio ifanye kazi, isipokuwa kwamba hapa hakuna aliyekusudia kutengeneza antena. Utepe umejifanya antena wenyewe.

Watu wengi hujiuliza kwa nini mawimbi hayo yawe na maana yoyote kwa anayeyanasa, na hapo ndipo jambo lenyewe linapovutia. Kwa sababu mistari ya picha hupelekwa kwa mpangilio ule ule na kwa muda ule ule bila kukosea, anayesikiliza akishajua mstari mmoja huchukua muda gani na picha nzima ina mistari mingapi, anaweza kuyapanga mapigo aliyoyanasa kama mtu anayesuka mkeka, ukindu juu ya ukindu, mpaka sura ya picha inajitokeza. Neno lako la siri halimzuii, kwa kuwa picha husimbwa, yaani hufichwa kwa msimbo, baadaye, inapokuwa tayari kutoka kwenda kwenye kadi ya kumbukumbu au kwenye intaneti. Kwenye utepe ule inapita ikiwa uchi. Kwa hiyo hata kama hujawasha kurekodi, na hata kama kifurushi cha intaneti kimekwisha, mradi kihisi kinafanya kazi, utepe unavuja.

Haya si makisio. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan na Northeastern vya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Zhejiang cha China, wakiwamo Yan Long na Kevin Fu, waliwasilisha utafiti wao walioupa jina la EM Eye katika mkutano wa kitaaluma mjini San Diego. Walivipima vifaa 12 vinavyouzwa madukani, zikiwamo simu, kamera za nyumbani na kamera za ndani ya magari, na vyote vilivuja kwa kiwango fulani. Lakini tazama umbali waliofikia: baadhi ya vifaa vilihitaji antena isogezwe hadi ndani ya sentimita 30 hivi, na kile kilichovuja zaidi kilinaswa kutoka takribani mita 5. Vifaa vya kunasia havikuwa vya kijeshi; viligharimu dola mia chache tu. Picha waliyoipata ilikuwa hafifu, imepoteza rangi na kujaa chenga, wakalazimika kuifundisha kompyuta kuisafisha.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1943, katika vita vya pili vya dunia, wahandisi wa maabara za Bell nchini Marekani waligundua kwamba mashine yao ya kusimba telegramu ilitoa mipigo iliyoonekana kwenye kifaa cha kupimia kilichokuwa upande mwingine wa maabara, na mipigo hiyo ilifichua maneno ambayo mashine ilikuwa inayaficha. Mwaka 1985 Mholanzi Wim van Eck alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kilichoandikwa kwenye skrini ya kompyuta kinaweza kuonekana kwenye runinga iliyorekebishwa kidogo, ikiwa mbali na kompyuta hiyo. Kilichobadilika ni kwamba redio za kuchomeka kwenye kompyuta sasa ni za bei ndogo, na kamera zimejaa kila ukuta.

Sasa redio yako. Uvumi ule ulitoka, kwa uwezekano mkubwa, kwenye adapta ya umeme ya kamera, siyo kwenye picha. Adapta hizi za bei nafuu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele zake hunaswa kwa urahisi na redio iliyo karibu. Fanya hivi: sogeza redio kwenye chaja ya simu au kwenye taa ya LED, utasikia nyuki wale wale. Kisha irudishe kwenye kamera, funika lenzi kwa kiganja, uone kama uvumi unabadilika. Nadhani hautabadilika. Kuvuma ni dalili kwamba kuna mawimbi, ila mawimbi kuwapo ni jambo moja na kubeba sura ya mteja wako ni jambo jingine.

Fundi Kamera, Kihesa – Iringa

Kamwene, wanajamvi. Mwalimu ameeleza kwa ufasaha na sina cha kupinga katika fizikia yake, lakini mimi ninafunga kamera tangu mwaka 2013, kuanzia Makambako hadi Mafinga na mjini hapa, na naomba niseme wazi kwamba sijawahi kuitwa na mteja ambaye picha zake ziliibiwa kwa antena. Walioibiwa picha nimewaona wengi, na wote waliibiwa kwa njia nyepesi kuliko hiyo.

Mama, nikuulize: baada ya yule fundi kuifunga kamera yako, aliiunganisha kwanza kwenye simu ya nani? Katika kazi yetu ni kawaida kabisa fundi kufungua akaunti kwenye simu yake ili ajaribu, kisha akamwongeza mwenye mali kama mgeni. Kazi ikiisha analipwa, anapanda bodaboda, na akaunti inabaki kwake. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Ni uvivu tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo mpaka siku moja nikiwa nakunywa chai nilifungua programu kwenye simu yangu nikajikuta naitazama sebule ya mteja wa Gangilonga niliyemfungia mwaka mmoja nyuma, watoto wake wakifanya kazi za shule mezani. Niliona aibu. Tangu siku hiyo akaunti inafunguliwa kwenye simu ya mwenye nyumba, mbele yake, na mimi ninajitoa kabla ya kuondoka.

La pili ni maneno ya siri ya kiwandani. Mashine nyingi za kurekodia huja na neno la siri ambalo limeandikwa kwenye kijitabu chake, yaani linajulikana na dunia nzima. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka vifaa vingi mno duniani, kamera na mashine za kurekodia zikiwa nyingi kati yake, na haikutumia ufundi mkubwa: ilikuwa na orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, ikawa inabisha mlango kwa mlango. Wengi waliokuwa wamebadilisha maneno yao ya siri iliwapita.

Kwa hiyo ninamheshimu Mwalimu, ila nachelea mtu akasoma maelezo yake, akaenda kununua bati la kuzuia mawimbi, na huku neno lake la siri bado ni 123456. Jirani wa upande wa pili wa plaiwudi akitaka kuona vidole vya wateja, haangaiki na antena. Anatoboa plaiwudi kwa msumari.

Mwenye Ghala, Njombe

Naomba kuuliza kwa ufupi nisije nikaupotosha mjadala. Nina ghala la parachichi na kamera mbili zinazotumia sola, hazina intaneti kabisa, zinaandika kwenye kadi. Nilisoma mahali kwamba karatasi ya aluminiamu inayotumika kufunika nyama ya kuoka inazuia mawimbi. Je, nikiizungushia kamera karatasi hiyo na kuacha tundu la lenzi, inatosha?

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Ndugu wa Njombe, swali lako ni zuri, na jibu lake ni kwamba kwa kanuni ndiyo, kwa vitendo ni shida. Chuma au aluminiamu inayozunguka chombo pande zote huyazuia mawimbi yasitoke, lakini tundu la lenzi, nafasi ya waya na mikunjo ambayo haikugusana vizuri hugeuka kuwa madirisha, na waya wa umeme unaotoka nje hubeba sehemu ya mawimbi hayo kama mfereji unavyobeba maji. Kinga hii hufanya kazi kiwandani, pale utepe wenyewe unapofunikwa kwa ngao ya chuma iliyounganishwa ardhini, au kihisi kinapopangwa kisome mistari kwa utaratibu usiotabirika ili mkeka usisukike. Hayo ni ya watengenezaji. Ukiifunika kamera ya sola kwa karatasi, utaipikia joto hadi ikafa, na kama inatumia waifai utakuwa umeiziba mdomo. Halafu ghala lako liko shambani. Atakayenasa kamera yako atalazimika kusimama mita 2 au 3 kutoka kwenye ukuta, usiku, na antena mkononi. Mbwa wako atamwona kwanza.

Fundi wa Kihesa, nakubaliana nawe karibu kwa yote, ila usiliseme jambo la antena kana kwamba ni la kuchekesha. Tofauti ni hii: akaunti iliyosahauliwa kwenye simu ya fundi inaacha alama, kwa kuwa jina lake linaonekana kwenye orodha ya watumiaji na linaweza kufutwa. Anayenasa mawimbi haachi alama yoyote. Hakuna taa itakayowaka, hakuna taarifa itakayokuja kwenye simu, na mwenye duka hawezi kujua milele. Umesema hujawahi kuitwa na mteja aliyeibiwa hivyo. Angejuaje, ili akuite?

Ndiyo maana kwa dada wa Mwanjelwa, ambaye kamera yake iko karibu na plaiwudi, nisingelipuuza. Plaiwudi kavu kwa mawimbi haya ni kama pazia la neti kwa macho. Tofali la kuchoma linapunguza kidogo. Bati linapunguza sana kwa sababu linayarudisha. Hata hivyo, hata bila ukuta wowote umbali unafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani: antena ikiwa nusu mita kutoka kwenye kamera, kisha kamera ikahamishwa hadi mita 3, nguvu inayoifikia antena inapungua mara 36 kwa hesabu ya kawaida, na kwa umbali mfupi kama huo mara nyingi hupungua hata zaidi. Kwa hiyo, dada, kabla hujanunua chochote, pima.

Nakuuliza na hili: je, una runinga au skrini kaunta inayoonyesha picha za kamera? Mawakala wengi huiweka ili wezi waogope. Skrini na waya wake wa HDMI huvuja kwa kanuni ile ile, na mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jamhuri nchini Uruguay walionyesha jinsi kompyuta iliyofundishwa inavyoweza kusoma maandishi kutokana na mvujo wa waya huo. Mtu anaweza kuilinda kamera kwa kila njia, kisha picha ile ile ikavuja kwa mlango wa skrini.

Fundi Kamera, Kihesa – Iringa

Mwalimu, swali lako la "angejuaje" limenifunga mdomo, nakiri. Hapo kwenye skrini naomba niongeze la kifundi: skrini nyingi nilizoziona kwenye maduka zinaelekea mlangoni, na mteja aliyepanga foleni anaiona droo ya fedha kutoka juu, kwa rangi zake zote, bila kulipia hata dola moja ya antena. Nikiwaambia wenye maduka waigeuze, wananijibu kwamba ikigeuzwa haitamtisha mwizi.

Mwanasheria, Mbeya Mjini

Nimekuwa nikiusoma mjadala huu kimya kimya, na nina mambo mawili ya kuongeza kwa upande wa sheria.

Kwanza, anayenasa mawimbi ya kifaa cha mwingine hawezi kujitetea kwamba hewa ni ya wote. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inapokataza kuingilia mawasiliano isivyo halali, inayataja hata mawimbi ya sumakuumeme yanayotoka kwenye mfumo wa kompyuta. Waliotunga sheria walijua kwamba njia hii ipo. Ugumu uko kwenye ushahidi, kwa sababu ile ile aliyoieleza Mwalimu.

Pili, na hili nadhani mama wa Mwanjelwa hakulitarajia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtazama yeye pia. Sura za wateja wake na daftari la majina na namba zao ni taarifa binafsi, na anayezikusanya anatakiwa akusanye zinazohitajika kwa lengo lake tu na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Lengo lake lilikuwa kuilinda droo. Vidole vya mteja vinavyoandika namba ya siri havimo katika lengo hilo, na siku mteja akiibiwa na ikajulikana kwamba kamera ya wakala ilikuwa inaviona, swali la kwanza litakuwa kwa nini alivirekodi. Nisingependa kuwa wakili wake siku hiyo. Kama hajawahi kuisikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aulizie utaratibu wa usajili, na aweke tangazo mlangoni kwamba kuna kamera.

Mwenye Fremu, Mwanjelwa – Mbeya

Wanajamvi, nashukuru sana, na kama tunavyosema huku kwetu, ndaga fijo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na matokeo.

Nilianza na redio. Mwalimu, ulisema kweli: imevuma kwenye chaja ya simu, ikavuma kwenye taa ya LED ya stoo, na kwenye kamera nilipofunika lenzi kwa kiganja iliendelea kuvuma vile vile bila kujali. Mpwa wangu alikuwepo, akanuna kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo hakukosea kuhusu ule utepe. Nimemwomba radhi kwa kumwambia anasimulia hadithi.

Kisha nikaazima futi kwa fundi cherehani wa fremu ya tatu, nikapima. Kutoka kwenye kamera hadi kwenye plaiwudi ni sentimita 47. Upande wa pili, mahali hapo hapo, ndipo jirani yangu alipoweka meza yake ya kazi. Nilimfuata nikamweleza wazi wazi, maana niliona ni aibu kuandika habari zake humu huku nikimficha. Alicheka sana, akaniambia kwamba kutwa nzima macho yake yako kwenye kioo cha kukuzia, hana muda wa kuangalia daftari langu, kisha akaja na ngazi yake mwenyewe, akaishikilia wakati kamera inahamishwa. Sasa iko kwenye ukuta wa nyuma, ule wa tofali, mita 3 na kidogo kutoka kwenye plaiwudi, na nyuma ya ukuta huo ni njia ya maji ya mvua ambako hakuna anayeweza kukaa.

Fundi wa Kihesa, ulichoniuliza ndicho kilichonisumbua zaidi. Nilifungua orodha ya watumiaji kwenye programu nikakuta majina matatu. Moja ni langu, na la pili ni la mwanangu aliyeko Dodoma, ambaye nilimruhusu mwenyewe. La tatu ni namba ya yule aliyeifunga, na ndiye aliyeandikwa kuwa mwenye mali. Mimi nimeandikwa mgeni katika duka langu. Sikuweza kumfuta, ikabidi nimpigie simu, naye alipokea kwa upole, akasema alisahau, akajitoa palepale. Kamera ikaanzishwa upya kwa jina langu, na neno la siri nimelitunga kwa Kinyakyusa, maneno manne yasiyohusiana.

Kwa upande wa Mwanasheria, nimegeuza pembe ya kamera. Kutoka nyuma inaiona droo na mikono ya kijana wangu, na mteja anaonekana kuanzia kofia hadi mabega, maana nimeinua ubao wa mbele ya kaunta kwa sentimita 20, na simu yake inakuwa chini ya ubao huo. Daftari sasa linakaa kwenye droo, halikai tena juu ya kaunta. Skrini sikuwa nayo, lakini nilikuwa nimepanga kuinunua mwezi ujao, na mpango huo nimeuacha. Tangazo la kamera liko mlangoni, na la usajili nitaliulizia wiki ijayo.

Fedha zilizokuwa zinapungua nazo tumezipata zilipokuwa zinakwenda. Kijana hakuiba. Kamera ilimwonyesha akirudisha salio la wateja wawili waliokuja kwa pamoja akiwachanganya, saa za jioni watu wanapojaa, na tulipofuatilia siku tatu tukaona kosa ni lile lile. Nimemwongezea trei ya pili, na redio nimeirudisha jikoni.

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Mita 3, tofali, na mfereji wa maji nyuma yake: hapo umepata kinga nzuri kuliko ile ambayo ungeuziwa dukani. Adapta uliyonayo iangalie tu isipate joto kupita kiasi, kwa sababu zinazovuma kwa nguvu mara nyingi ndizo zilizotengenezwa kwa kubana gharama. Na mpwa wako akimaliza likizo, mwambie apite Tukuyu shuleni kwetu. Kidato cha tano wanaanza mada ya mawimbi, na jaribio lile la redio, likirekebishwa, litawafaa.

Mwenye Fremu, Mwanjelwa – Mbeya

Nimemfikishia. Ameuliza kama nauli mnarudisha.